Usafi wa Kiseke kwa Kiingereza

Anayetangaza kwa Kiingereza chumba cha kupangisha Kiseke PPF, mtaa wa Mwanza, ana maneno manne mkononi: clean, tidy, neat na smart. Kamusi itamzungusha kati ya safi na nadhifu, na wengi hapo hubahatisha. Afadhali aulize ni kazi gani iliyofanyika. Kiswahili kina vivumishi vichache, ila vitenzi vyake havichanganyi mambo: sakafu imedekiwa, vyombo vimepangwa, shuka imetandikwa ikanyooka, mpangaji amevaa akapendeza. Kilichodekiwa ni clean, uchafu umeondoka. Kilichopangwa ni tidy. Kilichonyooka kwa ustadi wa mkono, iwe shuka au mwandiko, ni neat. Smart ni ya mwenye pasi. Ndiyo maana gereji inaweza kuwa tidy, spana zimetundikwa kwa saizi zake, huku sakafu ikinuka oili; nao ua uliofagiliwa alfajiri ni clean hata kama ndoo na viatu vimezagaa. Mwanza ilipotunukiwa kwenye mashindano ya kitaifa ya usafi, clean ilistahili, maana hoja ilikuwa taka. Mwaka 2021 Serikali ilipoagiza machinga wapangwe, kitenzi kilibadilika, na Kiingereza chake kingesogea upande wa tidy (ingawa kuitumia tidy kwa binadamu ni kuwafanya vyombo).

Atakayepinga atasema Waingereza wenyewe huyachanganya maneno haya. Mwandiko huitwa neat, huitwa tidy pia. Kweli, kwa kuwa mwandiko mzuri umepangwa na umenyooka kwa pamoja: maneno yanakutana pale kazi zinapokutana. Lakini sakafu yenye matope haiwi clean kwa viti kunyooshwa. Pingamizi zito zaidi ni kwamba nasi tuna maridadi na mtanashati. Tunayo, lakini maridadi hubeba urembo ambao tidy haina kabisa, na chumba hakiwezi kuwa mtanashati. Kukimbilia asili ya maneno nako ni kujichosha, kwani tidy ilianza ikimaanisha jambo la wakati wake, na smart ilihusu maumivu.

Smart ndiyo yenye mtego. Mmarekani huisikia kwanza kama akili, hivyo tangazo linalotaka mpangaji smart atalisoma kama usaili. Kwake, andika well dressed.