Kumkaribia Nyati, Kumkaribia Mwenye Shamba

Ukitaja matembezi ya miguu porini, swali la kwanza huwa la bunduki. Nani ameibeba, ni ya aina gani, itamzuia tembo? Katika bonde la mto Luangwa, mashariki mwa Zambia, ambako utalii wa namna hii ulikomaa mapema kuliko kwingi Afrika, bunduki ipo, lakini si yenye kazi kubwa. Kazi kubwa ni umbali: kujua mnyama huyu, kwa upepo huu na vichaka hivi, atawaruhusu watu wanane wafike wapi kabla hajaacha kula na kuinua kichwa. Risasi ikilia, hata kama hakuna aliyeumia, matembezi yameshaharibika zamani. Kilichokosewa kilikosewa hatua mia moja nyuma.

Chanzo cha utalii huu ni kifupi kukisimulia. Mwaka 1950, Norman Carr, ofisa wa wanyamapori katika Rhodesia ya Kaskazini, alikubaliana na Chifu Nsefu wa Wakunda kwamba sehemu ya ardhi ya chifu itengwe kwa ajili ya wanyama na wageni wa kupiga picha. Kambi ya misonge sita ikajengwa kando ya mto, na mapato yakaingia katika hazina ya chifu. Wakati huo mgeni aliyefuata wanyama alikuja kuwinda. Kumtoza fedha ili atazame tu na aondoke mikono mitupu lilikuwa wazo la kuchekwa. Miaka ya 1960 Carr akaanza kuwatembeza wageni kwa miguu. Luangwa Kusini ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1972, kilomita za mraba 9,050. Mpangilio wa mambo hayo ni wa kuzingatiwa: makubaliano na mwenye ardhi yalitangulia, utalii wa miguu ukafuata.

Sasa tuutazame mstari wa watembeaji wenyewe. Mbele hutangulia askari wa wanyamapori mwenye bunduki nzito, kwa kawaida ya .375 au .458. Huyu hutoka idara ya serikali. Kambi haimwajiri, hivyo hana sababu ya kumfurahisha mgeni. Nyuma yake ni mwongozaji. Kisha wageni, mara nyingi hawazidi sita, mmoja nyuma ya mwingine bila kupitana. Mwisho kabisa huja mbeba chai, na si wa kudharauliwa: ndiye jicho la nyuma, na ndiye anayemwona mgeni aliyechoka au aliyebaki akifunga kamba za viatu.

Uzuri wa mpango huu uko katika kutenganisha kazi mbili za mbele. Anayeeleza hawezi kulinda. Mwongozaji akiinama kuonyesha unyayo, macho yake yako chini na masikio yake yanasikiliza maswali. Askari naye anaangalia kichaka kilicho mbele na hasemi kitu. Kwetu Tanzania, ukipanda kuelekea maporomoko ya Tululusia katika Hifadhi ya Arusha, mara nyingi askari mmoja hubeba vyote viwili, bunduki na maelezo. Askari hao wanaijua kazi yao, na nyati wa pale chini ya Meru wamewazoea watu. Hata hivyo, ningependa kuona mtu wa pili katika mstari ule.

Mstari wenyewe una faida kwa upande wa mnyama pia. Watu saba au wanane waliojipanga, wakitazamwa kutoka mbele, huonekana kama kitu kimoja chembamba. Wakitawanyika ili kila mmoja apate picha yake, mnyama huwaona kama kundi linalomzingira, na hapo uamuzi wa kukimbia au kushambulia unakuwa wake.

Upepo hupimwa kwa kifuko kidogo cha majivu. Mwongozaji hukitikisa kila baada ya muda, vumbi linaelea, naye anabadilisha njia bila kusema neno. Tembo na nyati hutegemea pua kuliko macho, kwa hiyo njia fupi si njia nzuri ikiwa harufu ya sabuni na dawa ya mbu inatangulia. Ndiyo sababu watu huondoka kambini mara kunapopambazuka na kurudi kabla jua halijawa kali. Wageni hudhani wanaamshwa alfajiri kwa sababu ya mwanga mzuri wa picha. Picha ni ziada tu. Joto likipanda, upepo hugeukageuka na majivu hayasemi tena ukweli. Wanyama nao huingia kivulini, ndani ya vichaka ambamo utamwona nyati akiwa tayari amekuona. Kwa sababu hiyo hiyo matembezi mengi hufanyika kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, majani yakiwa mafupi na njia ikionekana mbali.

Halafu kuna kusoma ardhi, na hapa wageni wengi hushangaa kwamba wanyama wakubwa si sehemu tamu kuliko zote. Unyayo wa mbele wa tembo ni wa mviringo, wa nyuma umerefuka. Zidisha mzunguko wa ule wa mbele mara mbili, utakaribia kimo chake begani. Kingo zikiwa kali, amepita asubuhi hii. Vijia vya wadudu vikiwa vimekatiza juu yake, alipita usiku, mwache. Ndege wanaokula kupe wakiruka ghafla kutoka kichakani kwa kelele, chini yao kuna mgongo wa mnyama, pengine nyati. Swala pala akikoroma, tazama anakotazama yeye. Ukimsikia sheshe, yule swala ambaye sisi tunamjua zaidi kwa bonde la Kilombero, akipiga miluzi mfululizo, huenda kuna simba au chui karibu.

Kila mnyama ana masharti yake. Kiboko hataki mtu asimame kati yake na maji, na asubuhi ndiyo saa anayorudi kutoka malishoni. Simba humkimbii hata kidogo. Unasimama, unamtazama, unarudi nyuma polepole. Dume mzee wa nyati aliyeachana na kundi ndiye anayewanyima waongozaji usingizi, kwa sababu kundi hukimbia lakini yeye hana haraka ya kwenda popote. Mwongozaji wa Luangwa hupitia mtihani juu ya mambo haya, na aliyefaulu kuongoza wageni kwa gari hajaruhusiwa bado kuwaongoza kwa miguu. Ni daraja jingine.

Hapo ndipo ninapotaka kuingia kijijini, kwa sababu safari ya siku hizi huviuza vyote pamoja: asubuhi wanyama, alasiri matembezi ya utamaduni. Mto wa Mbu, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa karibu na lango la Hifadhi ya Ziwa Manyara, ni mfano mzuri. Umwagiliaji wa miaka ya 1950 uliwavuta wakulima wa makabila mengi, na katikati ya miaka ya 1990 shirika la Kiholanzi SNV na Bodi ya Utalii Tanzania walianza kuviandaa vijiji kama hiki kupokea wageni. Njia hupita kwenye migomba na mifereji, mashamba ya mpunga, wachonga vinyago Wamakonde, wapishi wa pombe ya ndizi. Aliyeipanga alikuwa na akili: karibu kila anayetembelewa yuko kazini kwake, kazi ambayo angeifanya hata pasipo mgeni. Hakuna anayevishwa vazi ili aonekane. Sehemu ya ada huingia katika mfuko wa kijiji, jambo ambalo Chifu Nsefu angelielewa mara moja.

Lakini umbali? Mwenye shamba naye ana hatua ambazo ukizivuka anaacha alichokuwa akifanya. Tofauti ni kwamba yeye hakoromi wala hatupi masikio nyuma; anatabasamu, anakaribisha, na mwongozaji asiye makini huona mambo yamekwenda vizuri. Mlango wa jikoni, mtoto anayeoga uani, mgonjwa aliyelala barazani: haya yanahitaji kijana mwongozaji wa kuyaona kabla kamera haijainuliwa. Bado mara nyingi sifa inayotazamwa kwanza kwa kijana huyo ni Kiingereza chake.

Kando ya Ziwa Eyasi matokeo ya kuuvuka umbali huo yanaonekana wazi zaidi. Wageni huletwa kambini kwa Wahadzabe alfajiri ili wawafuate wawindaji. Kwa mgeni mmoja mmoja ni asubuhi ya ajabu. Magari yanapoongezeka, uwindaji hugeuka kuwa mazoezi ya kulenga shabaha mbele ya kamera, na fedha taslimu zinazoachwa kambini zimelaumiwa kwa muda mrefu kwa kuleta ulevi. Mwindaji hodari anayesoma upepo kuliko mwongozaji yeyote wa kambi anabaki kupigwa picha akiwa amesimama. Mstari wa Luangwa umepinduliwa: anayejua ardhi ndiye anayetazamwa, na asiyejua ndiye anayeamua muda wa kuondoka.

Mtihani wa waongozaji wa vijijini utahitaji wizara, mtaala na miaka. Daftari la zamu halihitaji hayo. Liandikwe kaya ipi ilipokea wageni jana na ipi inapumzika leo, makundi mangapi yanaruhusiwa kwa asubuhi moja, wapi kamera haiingii, kiasi gani kililipwa na nani alitia saini. Mwenyekiti wa kijiji na mkuu wa waongozaji wanaweza kulifungua wiki hii, na dereva anayefika baada ya idadi hiyo kutimia aambiwe arudi kesho.