Ustadi wa Kuitia Injini Tabo

Katika kazi za gereji ipo moja inayojaribiwa na wengi na kuwezwa na wachache, nayo ni kuitia tabo injini iliyotoka kiwandani bila tabo, ikapata nguvu mpya na umri wake usipungue. Asili ya chombo hiki ni fikira ya Mswisi Alfred Büchi, aliyepata hataza yake mwaka 1905: moshi utokao silindani, badala ya kupotea bure na joto lake, huzungusha pangaboi dogo, nalo, kwa mhimili mmoja, huzungusha jingine lisukumalo hewa ndani ya injini; na penye hewa nyingi petroli nyingi huweza kuungua.

Fundi mwenye insafu huanza na injini yenyewe. Hupima mgandamizo wa kila silinda, kwa kuwa injini ambayo ringi zake zimelika haiongezewi mzigo. Kisha hulilaza bomba la kurudisha oili literemke bila kupinda hadi kwenye sampu, maana mhimili ule huweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika ukiwa umebebwa na utando wa oili tu, na oili ikikawia kurudi huvujia kwenye moshi, na rangi ya buluu ikatangaza uzembe wa fundi barabara nzima.

Walakini adui mkubwa ni injini kugonga, yaani mchanganyiko kujiwakia wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia. Hewa iliyoshindiliwa hupata joto, na injini isiyo na tabo aghalabu imekwisha kuishindilia mara 9 au 10. Ndiyo sababu fundi hufunga interkula ya kuipoza, huzidisha petroli, huchelewesha cheche, na shinikizo la tabo halipitishi nusu ya lile la hewa ya kawaida. Baada ya safari ya kujaribu huitoa plagi, akaigeuza kauri yake juani: akiona vitone ving'aavyo vya alumini, anajua pistoni imeanza kuliwa.

Mwaka 1962 kampuni ya Oldsmobile ya Marekani ilitoa Jetfire, gari lenye tabo na mgandamizo wa 10.25 kwa 1, ambalo ili lisigonge lilinyunyiziwa maji yaliyochanganywa na methanoli. Wenye magari wakasahau kujaza tangi la maji hayo. Lakini wahandisi, kwa kuwajua wanadamu, walikwisha kuweka valvu ya kupunguza shinikizo tangi likiwa tupu, hata gari likapungua nguvu na injini ikasalimika. Gari lenyewe halikuvuka mwaka 1963, ila busara ya valvu ile yastahili sifa hadi leo.

Tamaa mbele, mauti nyuma. Basi, ndugu msomaji, fundi akikataa kukuongezea shinikizo ulilomwomba, mlipe ujira wake kamili na umshukuru, kwani katika kazi hii kukataa kwake ndiyo sehemu ya ustadi iliyo ghali kuliko zote.