Nembo ya Mwanzo Ni Shoti ya Kwanza

Mwaka 1981, filamu ya Raiders of the Lost Ark iliyoongozwa na Steven Spielberg ilifunguka kwa mlima wa Paramount, nembo ambayo watazamaji walikuwa wameizoea kwa miaka mingi. Safari hii mlima haukufifia ukaachia giza. Uliyeyuka taratibu, ukawa mlima mwingine wa kweli wenye umbo karibu lile lile, kisha akaingia mbele yake mtu wa kofia aliyetupa mgongo. Mlima huo wa pili ni Kalalea, uliopo kisiwa cha Kauai huko Hawaii, ingawa hadithi inatuambia tuko Amerika ya Kusini. Kwa upande wa ufundi ni kazi ndogo sana: picha mbili zimepishanishwa, kilele kikakaa juu ya kilele. Matokeo yake ni makubwa. Mtazamaji anajikuta ndani ya hadithi bila kujua nembo imeisha saa ngapi.

Hapo ndipo filamu nyingi za wanafunzi wetu zinapopoteza nafasi. Nembo ya mwanzo, ambayo vijana wa kuhariri huiita intro, hushughulikiwa usiku wa mwisho, filamu ikiwa imeshakamilika na faili linasubiri kutumwa. Mhariri anaingia mtandaoni, anapakua kiolezo, anabadilisha jina. Herufi za dhahabu zinazunguka, cheche zinaruka, besi inanguruma. Kiolezo hicho hicho kimeshafungua video za harusi na za mikutano ya hadhara, kwa hiyo mtazamaji anakitambua mara moja. Kisha inakuja shoti ya kwanza ya filamu: mama anachambua mchele kibarazani, asubuhi, kimya. Kazi nzuri ya mpiga picha inapokelewa na masikio ambayo bado yanavuma.

Tupige hesabu pia. Kwenye filamu ya dakika 10, nembo ya sekunde 15 inakula sehemu moja ya arobaini ya filamu nzima. Ukiipandisha kwa uwiano huo hadi filamu ya dakika 90, ni sawa na kumkalisha mtazamaji dakika 2 na sekunde 15 akitazama jina la kampuni. Hakuna studio yoyote kubwa inayothubutu kufanya hivyo.

Nembo zilizodumu zinafanana katika jambo moja: kila moja ina tendo moja tu. Ya Pixar ni mfano bora kwa mwanafunzi, kwa kuwa asili yake ni filamu fupi. Luxo Jr. ya John Lasseter, iliyotoka mwaka 1986, ina urefu wa dakika mbili hivi: taa ya mezani kubwa, taa ndogo, na mpira. Taa hizo hazina macho wala midomo. Uhai wao wote umetokana na uzito: taa ndogo inajikunja kabla ya kuruka, inatua, kichwa kinachelewa kidogo nyuma ya shina, kisha kinatulia. Filamu ilipoonyeshwa Dallas kwenye mkutano wa wataalamu wa picha za kompyuta, Jim Blinn, mmoja wa mabingwa wa fani hiyo, alimwendea Lasseter na swali. Lasseter alitarajia kuulizwa habari za hesabu za vivuli. Blinn alitaka kujua kama ile taa kubwa ni mama au baba.

Taa hiyo hiyo ndiyo iliyoingia kwenye nembo. Inarukaruka hadi kwenye herufi ya I, inaikanyaga mpaka inazama, inatazama huku na huku, kisha inageuza uso wake wa mwanga kwetu. Tazama mpangilio wake: kuingia, kukanyaga, kutazama. Herufi nyingine zimesimama tu. Kama kila herufi ingekuwa na mbwembwe zake, hakuna ambaye angeikumbuka taa.

Mtu atasema Pixar walikuwa na kompyuta ambazo mwanafunzi wa Dar es Salaam au Nairobi hana. Sawa, basi tumwangalie J. J. Abrams na kampuni yake ya Bad Robot, wakati tamthilia ya Alias inaanza mwaka 2001. Nembo ilihitajika haraka. Abrams aliwarekodi watoto wake wadogo wakitamka jina la kampuni, akaunganisha sauti hizo na vionjo vingine kwenye kompyuta yake mwenyewe, akaituma kazi. Roboti mwekundu anakimbia kwenye majani marefu, anaibuka mbele ya kamera, sauti za watoto zinalitaja jina, basi. Joss Whedon naye, kwa kampuni yake ya Mutant Enemy iliyotengeneza Buffy the Vampire Slayer kuanzia 1997, alichora kijini kidogo kinachojikongoja kukatiza skrini, na mngurumo wake akautoa kwa koo lake mwenyewe. Nembo zote mbili zimebaki kwenye kumbukumbu za watu kwa miongo kadhaa. Fedha haikuwa kikwazo wala sababu. Kilichozibeba ni sauti iliyotoka kwa mtu fulani na mahali fulani.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa kundi lolote la wanafunzi ni kuanza na sauti, picha ije baadaye. Sauti ya nembo ya THX, iliyosikika kwa mara ya kwanza mwaka 1983 pamoja na Return of the Jedi, ingesimama hata skrini ikiwa nyeusi. James A. Moorer aliandika programu iliyoendesha sauti 30 kwa pamoja. Zinaanza zikitangatanga bila mpango kati ya hezi 200 na 400, kisha kila moja inateleza kuelekea mahali pake mpaka zote zinatua kwenye kodi moja pana ya muziki. Ni hadithi nzima ya vurugu kuwa utaratibu, na haina neno hata moja. Netflix nao, kwa ule mdundo wao wa sauti mbili, walichanganya humo mlio wa pete ya ndoa ikigongwa kwenye kabati la kitandani. Kwa nyumbani ni mfupi mno, maana mtu aliyekaa sebuleni keshabonyeza na anataka filamu yake. Kwa kumbi za sinema Hans Zimmer aliurefusha. Jina ni lile lile, mahali tofauti, urefu tofauti.

Sasa tujenge moja. Tuseme filamu inahusu kijana wa pwani anayekwenda kuvua dagaa usiku, na shoti yake ya kwanza ni mataa ya mashua yakiwa mbali baharini. Kampuni ina jina la neno moja. Tendo la nembo liwe karabai kuwashwa. Ina pampu, ina mvumo, ina mwanga unaokua, na mwanga ule utaweza kuikabidhi kazi shoti ya kwanza kama mlima wa Kalalea ulivyopokea kutoka kwa Paramount.

Jina likatwe kwenye boksi gumu kwa wembe, herufi ziwe matundu. Boksi lisimamishwe kati ya karabai na ukuta uliopigwa lipu. Mwanga ukipita kwenye matundu, jina linaandikika ukutani kwa nuru, na kingo zake zinakuwa na ulaini ambao kompyuta hutumia muda mrefu kuuiga. Ukilisogeza boksi karibu na taa, herufi zinakua na kingo zinatepeta. Ukilisogeza karibu na ukuta zinakaza. Hapo ndipo pa kutumia muda, kusogeza na kutazama, kusogeza na kutazama. Matundu ya herufi kama O na A yatadondosha kiini chake, kwa hiyo acha vijidaraja vyembamba vya boksi kama wafanyavyo wachora stensili za magunia.

Karabai halisi haiwaki kwa sekunde moja. Inahitaji kupashwa moto kwanza, na mvumo hutulia baadaye. Usihangaike kulipiga tukio zima kwa mfululizo. Iwashe mapema, dirisha likiwa wazi kwa sababu ya moshi na joto, ifunike kwa bati upande wa kamera na wa boksi, kisha mtu mmoja alivute bati juu taratibu. Kwa jicho la kamera mwanga umezaliwa. Sauti ya pampu na ya mvumo irekodiwe peke yake, maiki ikiwa karibu, feni imezimwa.

Simu inatosha kupiga picha hii, ila ina tabia mbili za kudhibiti. Ya kwanza ni kurekebisha mwanga yenyewe: taa inapong'aa, simu inapunguza, na ule ukuaji wa nuru unapotea. Bonyeza na ushikilie skrini mpaka mwanga na fokasi vifungwe, ukipima wakati taa iko wazi, ndipo urudishe bati. Ya pili ni kasi ya fremu. Simu nyingi huja zikiwa zimewekwa fremu 30 kwa sekunde, na umeme wetu ni wa hezi 50. Taa yoyote ya mrija au ya LED ya bei nafuu ikiwaka ndani ya chumba, picha itapigapiga au kupitisha mistari. Weka fremu 25 na kasi ya shata 1/50, au kama filamu ilipigwa kwa fremu 24, piga nembo kwa 24 hizo hizo na uzime taa zote za umeme. Nembo ya fremu 30 ikiingizwa kwenye filamu ya 25, mwendo wake utagugumia, na jicho linaona hata kama mtazamaji hawezi kueleza kilichomkera.

Sekunde 5 kwa fremu 25 ni fremu 125. Fremu 20 za kwanza ni giza tupu, na ndani ya giza hilo zinasikika pampu mbili. Kuanzia ya 20 hadi ya 60 mvumo unaingia na nuru inapanda. Kati ya 60 na 100 jina limekaa, hakuna kinachotembea isipokuwa mtetemo mdogo wa taa yenyewe. Hiyo ni sekunde 1.6, muda wa kutosha kulisoma neno moja kwa sauti mara mbili bila kukimbizana. Kuanzia 100 jina linafifia, kingo zikiyeyuka mpaka inabaki alama ya nuru, na alama hiyo ipangwe ikae pale pale taa ya mashua ya kwanza itakapotokea. Mvumo usikatwe na picha. Uvuke ukaingie juu ya bahari kwa sekunde mbili tatu, mpaka upepo na maji viumeze.

Giza la mwanzo ndilo watu wengi hunibishia. Wanasema mtazamaji atadhani projekta imeharibika. Kwa chini ya sekunde moja hatadhani chochote. Atasikiliza, na hiyo ndiyo hali tunayoitaka.

Ukuta wenye nuru inayofifia una hatari yake. Video za kawaida huhifadhi kila rangi kwa ngazi 256 tu. Sehemu yenye giza ya ukuta ikitumia ngazi 24 kati ya hizo, nazo zikatandazwa kwenye upana wa pikseli 1920, kila ngazi inakuwa ukanda wa pikseli 80, na kanda hizo zinaonekana kama mistari kwenye skrini kubwa. Dawa ni kuongeza chembechembe nyepesi kwenye programu ya kuhariri. DaVinci Resolve ya bure inatosha. Nyepesi, nasisitiza, kwa sababu video ikishatumwa kwa WhatsApp chembe nyingi hugeuka vibonge vya mraba. Lipu yenye mikwaruzo husaidia zaidi kuliko ukuta laini, nayo haigharimu kitu.

Kuhusu umbo la picha, angalia filamu kwanza. Faili za kumbi za sinema huwa na pikseli 1998 kwa 1080, au 2048 kwa 858 kwa picha pana. Nembo ya umbo moja ikifuatwa na filamu ya umbo lingine, pazia jeusi linaruka juu na chini mbele ya macho ya watu. Weka jina katikati, acha nafasi pande zote, utaweza kulikata kwa maumbo yote mawili.

Kisha turudi kwenye sauti, safari hii kwa kipimo. Kosa ninalolisikia mara kwa mara kwenye maonyesho ni nembo yenye kelele kuliko filamu yake. Fundi wa ukumbi anashtuka, anashusha sauti, na mazungumzo ya kwanza yanapita hayasikiki. Pima wastani wa ukubwa wa sauti ya mazungumzo kwa kipimo cha LUFS kilichomo humo humo kwenye programu, na nembo ikae jirani na hapo. Besi nzito nazo ni za kutilia shaka. Kwenye ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, filamu zimekuwa zikionyeshwa Ngome Kongwe pale Unguja, juu yake ni mbingu tu, na mngurumo uliotikisa chumba cha kuhariri hautakuwa na paa la kuurudisha. Spika ya simu ndiyo kabisa, chini ya hezi 150 hivi haitoi kitu cha maana. Mvumo wa karabai na mlio wa chuma wa pampu viko juu ya hapo, kwa hiyo vitasikika kote kuwili. Na kwa kuwa mmevirekodi wenyewe, hakuna mwenye wimbo atakayewaandikia kuhusu hakimiliki.

Nembo ya chuo, ya mfadhili na ya tamasha ziende mwisho, isipokuwa mkataba unasema vingine.

Hifadhi kila kitu kikiwa kimetengana: pampu peke yake, mvumo peke yake, ukuta bila jina, jina bila mwendo, na boksi lenyewe ndani ya mfuko usiopitisha maji. Vipande hivyo ndivyo vitakavyoiruhusu nembo ibadilike kulingana na filamu. Mwaka 1998, baada ya kipindi cha mwisho cha msimu wa pili wa Buffy, kilichokuwa na huzuni nzito, kile kijini cha Mutant Enemy kilipita skrini kikaomba kukumbatiwa badala ya kunguruma. Warner Bros. nao waliruhusu ngao yao itiwe rangi ya kijani kwa ajili ya The Matrix ya 1999. Filamu yenu ya pili ikiwa ya mjini, ya mchana, pampu zile mbili zinaweza kusikika chini ya honi za bodaboda, na jina likaandikika kwa jua linalopenya kwenye matundu ya bati.