Jina la Mtunzi Katika Bendi ya Queen

Ni desturi ya washairi wengi wa Kiswahili kutia jina katika beti za mwisho, ili msomaji ajue mali ni ya nani. Bendi ya Queen ya Uingereza ilikuwa na desturi iliyofanana na hiyo tangu santuri yake ya kwanza ya mwaka 1973: kila wimbo uliandikwa jina la aliyeutunga. Wote wanne walikuwa watunzi, yaani Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja, Brian May, Roger Taylor na John Deacon. Mwaka 1989, katika santuri iitwayo The Miracle, majina yaliondolewa, na kila wimbo ukaandikwa kuwa wa Queen.

Haukuwa unyenyekevu mtupu. Mwaka 1975 "Bohemian Rhapsody" wa Mercury ulitolewa katika santuri ndogo, na upande wa pili ukawekwa wimbo wa Taylor juu ya mtu aipendaye motokaa yake. Aliyenunua wa kwanza alinunua na wa pili, apende asipende. Basi fungu la watunzi wawili likawa sawa, na manung'uniko yakaingia nyumbani.

Lakini wimbo wenyewe ulikuwa wa nani? Mercury aliupanga kichwani na kwenye piano, hapana shaka. Walakini umati usikikao katikati yake ni watu watatu tu, Mercury, May na Taylor, ambao sauti zao zilirudiwa na kupandanishwa katika utepe mara nyingi mno. Na ile ya juu kabisa ni ya Taylor. Gitaa ni la May, alilolitengeneza yeye na baba yake kwa mbao za meko kuukuu. Jina moja huonyesha aliyeanza kazi, halionyeshi walioimaliza. Mercury mwenyewe alizoea kusema kwamba nyimbo zake ni vitu vya kutumiwa na kutupwa. Neno hilo si la kuaminiwa sana: nani hupanga sauti juu ya sauti, siku baada ya siku, kwa ajili ya kitu cha kutupwa?

Jina la shirika lilileta amani, lakini amani ina gharama yake. Zamani kila mtunzi aliutetea wimbo wake kama mkulima atetevyo shamba; katika The Miracle zimo nyimbo ambazo yaelekea hapana mtu angezigombania.

Hata hivyo, mwaka 1991 ulitoka "The Show Must Go On". Mwanzo wa muziki wake ulitoka kwa Taylor na Deacon. May akauchukua, akazungumza na Mercury, akaandika sehemu kubwa ya maneno. Mercury alikuwa mgonjwa, na ugonjwa wake ulifichwa kwa watu. May aliandika, basi, maneno ya mtu aendeleaye na kazi huku mwili unamshinda, kisha akampa mtu huyo huyo ayaimbe. Aliyaimba kwa nguvu zote. Tarehe 24 Novemba mwaka huo akafariki, umri wake miaka 45. Lau lingeandikwa jina la May peke yake, sheria ingeridhika, lakini msikilizaji angeuliza "mimi" wa wimbo huo ni nani.