Jani Linalofanya Kazi Jua Likiwa Utosini

Januari, mvua ikiwa imekatika na vumbi limetanda barabara ya Chwele, ingia shamba lolote la mboga saa saba mchana. Sukuma wiki imelegea, majani yananing'inia kama masikio ya mbuzi. Hatua mbili tu kutoka hapo saga, ile Wabukusu waiitayo chisaka, imesimama wima. Vijani vyake vitano, vilivyopangika kama vidole vya mkono, vimekunjuka na kulikabili jua. Asubuhi vilitazama mashariki; jioni vitatazama magharibi.

Ukiuliza sababu, utaambiwa mboga za kienyeji zina mizizi mirefu, na mazungumzo yanaishia hapo. Jibu hilo halinitoshi, kwa sababu siri kubwa ya saga imo ndani ya jani lenyewe.

Jani hupumua kwa vitundu vidogo mno. Vikifunguka, hewa ya ukaa huingia na maji hutoka. Sukuma wiki ikibanwa na joto huvifunga, lakini hapo kimeng'enya chake cha kunasa hewa ya ukaa huanza kunasa oksijeni kimakosa, na jani hupoteza sehemu ya chakula lilichokwisha kupika. Saga haiachi kosa hilo litokee kwa urahisi. Hunasa hewa ya ukaa katika seli za nje, kisha huipeleka kwenye seli zinazozunguka mishipa ya jani, ikarundikana huko hadi oksijeni ikakosa nafasi. Vitundu vikiwa wazi nusu tu, kazi inaendelea. Wanasayansi Hatch na Slack waliieleza njia hii mwaka 1966 huko Australia, walipokuwa wakichunguza miwa. Mahindi nayo huitumia, na mchicha pia. Kwa hiyo miwa ya Nzoia, mahindi ya Kitale na fungu la saga sokoni Chwele vyote vinategemea pampu ya aina moja.

Kunde haina pampu hiyo, na bado haifi. Mchana hugeuza majani yake ukingo ukaelekea jua, hufunga vitundu mapema, na mzizi wake mkuu huchimba chini. Saga huchapa kazi kiangazi. Kunde husubiri kipite. Tukiziita zote "zinazostahimili ukame" tunaficha tofauti ambayo mkulima anaihitaji kuliko kitu kingine chochote.

Saga ina udhaifu wake. Ukame huiharakisha kuchanua, na ikishachanua majani huwa madogo na machache. Ndiyo maana wakulima huikata ncha mara tu vichwa vya maua vinapochungulia. Matawi ya pembeni huchipuka na mavuno yakaendelea kwa wiki kadhaa. Mchumaji anayeng'oa shina zima kwa haraka ya soko hujinyima mavuno hayo yote.

Kuotesha nako kuna adabu yake. Mbegu ya saga iliyovunwa juzi huota kwa shida. Iache ikae miezi kadhaa. Haipendi mwanga, basi ifunike kwa udongo mwepesi. Mbegu ya murere, yaani mrenda, ina ganda gumu: ifunge kitambaani, ichovye kama sekunde kumi katika maji yaliyotoka kuchemka, uianike ikauke, ndipo upande. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta ametumia miaka mingi kuzitafiti na kuzitetea mboga hizi, na nakubaliana kabisa na wanaosema kwamba mbegu bora ndiyo nusu ya kazi.

Sasa chukua jioni ya kiangazi, ndoo tatu za maji zimepandishwa kutoka mtoni. Wengi huzimwagia sukuma wiki, kwa kuwa ndiyo inayoonekana kulia. Mimi ningeipa saga mbili, niliwekee shina lake matandazo ya majani makavu, na ya tatu niipe mchicha. Kunde ningeiacha ingoje mvua za Machi.