Mashua ya Kigamboni na mataruma ya msumeno

Mashua ile ya futi 24 iliyoundwa uani Kigamboni imeshuliwa na imeelea, na waliofuata video zake tangu mkuku ulipolazwa chini ya mwembe wana haki ya kufurahi. Nimezifuata zote nami. Mkuku ni mvule mmoja usio na kiungo, fashini ya mbele na ya nyuma zimekaa barabara, kalafati imeshindiliwa kwa subira. Hata hivyo chombo hiki hakitavuka misimu mingi ya kusi kabla ya kurudishwa juu ya magogo, na chanzo chake ni uamuzi wa siku moja tu: siku ya mataruma, yaani mbavu za ndani za chombo, pale fundi alipoulaza ubao wa mninga ulionyooka, akachora kigezo juu yake, akawasha msumeno wa umeme.

Irudieni video hiyo. Taruma la katikati huanzia mkukuni, likatambaa karibu bapa, likakunja penye tumbo la chombo, kisha likapanda hadi ukingo wa juu. Fundi alilichora umbo lote hilo, kuanzia chini mpaka juu, ndani ya ubao mmoja mpana, akalikata kipande kimoja. Kwa macho linapendeza mno. Mkunjo wake ni laini, wa kulia unafanana na wa kushoto, na mtazamaji asiyejua kazi atasema hapa pana ustadi. Lakini tazameni nyuzi za mti, msitazame umbo. Kwenye mkono wa chini nyuzi zinafuata taruma vizuri. Zikifika penye mkunjo, taruma linapinda nazo zinaendelea kunyooka, kwa hiyo zinatokea ubavuni na kuishia hapo. Mahali pale penye kazi kubwa kuliko pote hakuna hata uzi mmoja unaotoka mkono wa chini ukafika mkono wa juu. Aliyewahi kupasua kuni anajua shoka hupita wapi kwa urahisi. Taruma hili limetengenezewa njia hiyo tayari.

Kisha ikaja misumari. Penye tumbo mbao za ubavu hukatwa nyembamba ili zikubali kuzunguka, na kila ubao unadai misumari yake miwili, kwa hiyo matundu husongamana hapo kuliko kwingine kokote. Sehemu dhaifu ya taruma ikapokea matundu mengi kuliko sehemu zake zote. Mnakumbuka taruma la nne kutoka mlingotini: msumari ulipofika nusu ulisikika mlio, fundi akasita, akauinamia ufa, akaupaka gundi ya epoksi, akaendelea. Hapo ndipo alipopaswa kuzima kamera, kukaa chini na kujiuliza mti ulikuwa unamwambia nini. Gundi hushika uso wa mbao na uso wa mbao. Haiwezi kurefusha uzi uliokwisha kukatwa.

Wapo watakaosema mashua ndogo haina mzigo wa kuvunja taruma. Hawajaitazama mashua ya pwani yetu ikiwa imepumzika. Vyombo vyetu vingi havilali gatini penye kina. Maji yakipwa hukaa mchangani, hulalia ubavu, na uzito wote, na shehena juu yake, huangukia palepale penye mkunjo wa tumbo. Hali hiyo hujirudia mara mbili kwa siku, na siku za bamvua chombo hukaa mkavu muda mrefu zaidi. Baharini nako, tanga likijaa upepo, mlingoti husukuma mkuku chini huku kamba zake zikivuta ubavu juu. Sakafu na ubavu vinataka kuachana, na kinachovizuia ni taruma, mahali palepale.

Dalili zitakuja taratibu. Kwanza maji ya ngamani yataongezeka asubuhi. Mwenye chombo atailaumu kalafati, atamwita mtu aichokoe na kuishindilia upya, na pamba mpya ikipigwa kwa nguvu kuliko ya kwanza itazidi kuzitenganisha mbao ambazo taruma haliwezi tena kuzikaza. Msimu ujao atafanya hivyohivyo. Nimeona mashua nzuri zikihukumiwa pwani ya Msasani kuwa "zinavuja" na kukatwa kuni, ilhali mbao zake zilikuwa nzima na mataruma ndiyo yaliyopasuka, yamefichwa chini ya sakafu ambayo hakuna aliyejisumbua kuing'oa.

Nimeshajibiwa kwamba Wazungu walikata mataruma kwa msumeno karne nyingi na merikebu zao zilifika hapa. Ni kweli, na ndiyo maana mfano huo unamsuta fundi wetu. Taruma la merikebu ya Ulaya lilikuwa la pande mbili, vipande vifupi vifupi, kiungo cha upande huu kikiangukia katikati ya kipande cha upande ule, ili kila kipande kifuate nyuzi zake kwa kadiri inavyowezekana. Na penye mikunjo mikali walitafuta mwaloni uliopinda wenyewe msituni. Kulikata taruma zima kwa kipande kimoja kutoka ubao mnyofu si desturi yao wala yetu.

Kama ni kazi ya uani, mwalimu yupo. Nahodha Joshua Slocum alipewa gofu la chombo kikuukuu kilichoitwa Spray, limeegeshwa kondeni huko Fairhaven, Massachusetts, Marekani, akaliunda upya mwanzoni mwa miaka ya 1890. Alitumia miezi 13 na dola 553.62. Mwaloni wa mkuku aliuangusha karibu na hapo. Kwa mataruma alichukua miche ya mwaloni iliyonyooka, akaitia mvuke ndani ya sanduku, sufuria ikiwa ndiyo mtambo wake, hadi ikalegea, akaipinda juu ya gogo na kuifunga mpaka ikashika umbo. Uzi uliotoka mkukuni ulifika juu bila kukatika. Kwa chombo hicho alizunguka dunia peke yake kati ya 1895 na 1898. Hakuwa na umeme, wala hakuwa na fedha. Alijua tu kwamba mti unapindwa au unatafutwa uliopinda.

Wazee wetu walishika njia ya pili, nami sioni aliyewapita. Mafundi wa Jibondo, Nungwi na Matondoni walikwenda porini na kigezo cha mti mwepesi begani, wakapita wakikilinganisha na matawi ya mtondoo, mkomafi na mwembe. Walirudi na panda na viwiko ambavyo mti wenyewe ulikuwa umevipinda kwa miaka mingi, ukubwa wake umezidi kidogo, kisha tezo ikafanya iliyobaki. Taruma la namna hiyo huonekana la kikatili, lina mafundo na upande mmoja mnene kuliko mwingine, na kwenye video lisingependeza. Lakini nyuzi zake zinazunguka kona pamoja nalo. Na kabla yao walikuwepo waundaji wa mitepe ya Lamu na visiwa vyake, walioshona ubao kwa ubao kwa kamba ya nazi bila msumari wa chuma, wakatia mataruma baada ya mbao kushonwa na kuyafunga kwa kamba. Matundu ya misumari hayakuwa tatizo lao kabisa.

Utetezi wa fundi, alioutoa katika video iliyofuata, ni kwamba mbao zilizopinda hazipatikani siku hizi. Kuhusu mikoko, kama mkomafi, namwelewa. Kuivuna kunahitaji kibali, na ni haki iwe hivyo. Jirani zetu Kenya walipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma Februari 2018, wakata mikoko wa Lamu waliumia waziwazi. Lakini mtondoo si mkoko. Mwembe si mkoko. Kila wiki mashambani kuanzia Mkuranga hadi Bagamoyo miembe mizee inaangushwa, mashina yanauzwa, na panda zake, yaani mataruma yenyewe, zinaishia kwenye tanuri la mkaa. Na mkuku wa mashua hii ulilazwa chini ya mwembe wenye tawi ambalo mimi, kwenye simu, nililiona tangu video ya kwanza. Asiyetaka kutafuta panda bado ana njia nyingine: kupasua mninga huohuo vipande vyembamba, kuvipinda kimoja juu ya kingine na kuvigundisha kwa epoksi ileile aliyoimwaga kwenye ufa.

Tatizo hili limeanzia mbali, nami nimelisema mara nyingi. Tunawafundisha vijana mchoro kabla ya mti. Chuo kimoja kilichowahi kunialika kilinionyesha michoro mizuri ya kompyuta, na nilipouliza wanafunzi wamekwenda msitu gani, wakatazamana. Kijana akilelewa hivyo, mbao kwake ni kitu kinachotoka dukani kikiwa kimenyooka, na umbo ni kitu kinacholazimishwa kwa mashine.

Sasa nasikia hatua inayofuata ni kuupaka mwili wote faiba kwa nje. Hapa faiba ni hatari maradufu. Mbao za kalafati huvimba na kusinyaa. Faiba haikubali mwendo huo, hubanduka, na unyevu hujifungia katikati ukaozesha mvule ambao ungedumu miaka mingi kwa mafuta ya sifa na deheni. Zaidi ya hapo faiba itaziba maji kwa muda, na maji ndiyo peke yake yangempa mwenye chombo habari kwamba mataruma yanakatika.



Kwa hiyo namwomba fundi, kwa heshima ya kazi yote aliyoifanya: faiba usiiguse. Ipandishe mashua wakati bahari imetulia, kati ya kaskazi na kusi, fungua sakafu, uanze na taruma la nne na mawili yaliyo jirani yake kila upande. Usiyang'oe yote kwa pamoja, umbo litakimbia. Toa moja, weka jingine la mtondoo au la mwembe, kisha uhamie linalofuata. Ni kazi ya wiki chache kwa mtu mwenye mikono kama yako, na mkuku ule unaistahili.