Nipe Spana: Tahakiki ya Majina ya Zana za Mkono

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria mwaka 1967, kazi kubwa imefanyika ya kukusanya na kusanifu istilahi za sheria, utawala, elimu na sayansi. Hapana shaka kwamba mtafsiri wa leo ana nafuu kuliko mwenzake wa zamani. Hata hivyo, liko sanduku moja ambalo, kwa maoni yangu, sisi wanaistilahi tumelipita bila kulifungua sawasawa, nalo ni sanduku la zana la fundi. Tumedhani kwamba spana, nyundo na bisibisi ni vitu vya kila siku, na kwamba kitu cha kila siku hakihitaji istilahi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo si sahihi, na kwamba kosa lake hulipwa kwa fedha, na pengine kwa uhai wa mtu.

Kipimo nitakachotumia nitakiita kipimo cha mvunguni. Fundi amelala chini ya gari. Mikono imejaa mafuta, na sanduku la zana haliko mbele ya macho yake. Anamwambia kijana anayejifunza kwake, "Bwana mdogo, nipe spana." Kijana anauliza, "Ipi, fundi?" Jina la zana ni zuri iwapo kijana ataleta kitu kile kile kilichotakiwa, bila kuuliza mara ya pili. Jina lisiloweza kufika mvunguni, hata likipendeza namna gani katika orodha, halijawa istilahi.

Tuanze na urithi wetu. Maseremala na waunda vyombo wa mwambao walikuwa na lugha kamili ya kazi kabla gari la kwanza halijafika pwani. Walitofautisha patasi, ambayo ni ya mbao, na tindo, ambayo ni ya chuma na mawe. Chombo chao cha kutobolea kilikuwa na jina kwa kila sehemu: chuma chenyewe ni keekee, kigogo kinachokishika ni msukano, kishikio ni jivu, na kinachokizungusha ni uta. Baadaye jina la keekee likahamia katika vifaa vipya vya kutobolea, maana kazi ilikuwa ile ile. Vivyo hivyo msasa ni jina la mti ambao majani yake hukwaruza, nayo yalitumika kulainishia mbao. Karatasi yenye mchanga ilipofika madukani ilirithi jina hilo. Neno parafujo tulilipokea kutoka kwa Wareno, kisha skrubu ikaja kutoka Kiingereza. Kwa hiyo wazee wetu hawakuona haya kukopa, wala hawakusahau kuhamisha jina la zamani pale lilipofaa. Jambo moja walilishika daima: jina lilimwonyesha mtu kazi.

Sasa tutazame spana. Neno lenyewe limekwisha kuwa la Kiswahili, na hakuna haja ya kulitafutia badala. Kasoro ni kwamba maandishi yetu mara nyingi huishia hapo, yakisema tu kwamba spana ni chombo cha kufungulia nati. Gereji haiishii hapo. Husema spana ya mdomo, ambayo huishika nati kwa pande mbili na huingia kutoka ubavuni. Spana ringi, ambayo huizunguka nati yote na kwa hiyo haiharibu pembe zake upesi. Na soketi, ambayo huivika nati kutoka juu. Tofauti hizi si mapambo. Nati iliyoshika kutu ikifunguliwa kwa spana ya mdomo mahali pa ringi, pembe huliwa, na kazi ya dakika tano huwa kazi ya siku nzima.

Tena kuna suala la namba. Namba iliyopigwa juu ya spana ni upana wa kichwa cha bolti, yaani umbali kutoka ubavu hadi ubavu, kwa milimita. Vitabu vya watengenezaji, kwa upande wao, huitaja bolti kwa unene wa mwili wake wenye hesi. Bolti inayoandikwa kwa herufi M na tarakimu 8 ina mwili wa milimita 8, lakini kichwa chake katika magari mengi ya Kijapani huhitaji spana namba 12, na katika mengi ya Kijerumani namba 13. Mimi mwenyewe niliwahi kutafsiri kijitabu cha matunzo ya gari nikaandika, kwa uaminifu mkubwa wa maneno, "fungua bolti ya milimita 8". Fundi aliyenisomea mswada akacheka, akasema, "Mwalimu, ukinituma hivi nitaleta spana namba 8, na haitaingia." Sikuwa nimekosea neno hata moja, lakini nilikuwa nimekosea kitu. Yafaa basi tuafikiane: tuseme "unene wa bolti" pale tunapotaja mwili, na "namba ya spana" pale tunapotaja kichwa, wala tusiziache milimita zikining'inia bila mwenyewe.

Hapo watumishi wa serikali nao wana fungu lao. Mwandishi wa hati ya kuomba vifaa anapoandika "Spana 10", je, anataka spana kumi au spana moja namba 10? Mwenye ghala hawezi kuisoma nia ya mtu. Neno moja tu, "namba", au neno jingine, "idadi", lingemaliza shaka hiyo na kuokoa safari ya pili ya dukani.

Nakuja kwenye jina ambalo wengi wetu hulipita kimya. Iko spana ambayo mdomo wake hupanuliwa na kubanwa kwa skrubu ndogo inayozungushwa kwa kidole gumba. Msweden Johan Petter Johansson alipata hataza mwaka 1892 kwa umbo lake linalotumika sana hadi leo. Katika gereji za Tanzania zana hiyo huitwa spana malaya, kwa sababu huenda na kila nati. Mwalimu wa ufundi huona haya kulitamka jina hilo mbele ya wanafunzi, na mtafsiri hawezi kuliweka katika kitabu. Kwa hiyo wengine huandika "spana ya kurekebisha".

Napenda kulihakiki jina hili la pili kabla ya lile la kwanza. Kurekebisha ni kutengeneza. Basi spana ya kurekebisha ni ipi? Spana gani isiyo ya kurekebisha? Jina limepata adabu lakini limepoteza maana. Mpeleke kijana akalilete, naye atasimama mbele ya sanduku asijue la kufanya. Jina la gereji, pamoja na ubaya wake, lina elimu ndani yake. Linasema kwamba zana hii huifuata kila nati lakini haiishiki yoyote kwa uthabiti; hulegea kidogo kila mara, na ukiitumia kwa nguvu hula pembe za nati. Ni onyo la kiufundi lililovikwa mzaha. Ubaya wake ni kwamba mzaha huo unamtukana binadamu asiyekuwamo gerejini, na siku hizi wasichana nao husomea ufundi wa magari na husimama hapo hapo wakisikia.

Kwa hiyo napendekeza spana kigeugeu. Kiswahili kimekwisha kuunga majina mawili kwa namna hii katika bata mzinga na askari kanzu, basi muundo si mgeni. Kigeugeu ni mtu asiye na msimamo, na kila msemaji wa Kiswahili anamjua. Onyo limebaki, mzaha umebaki, tusi limeondoka. Tena jina hili hufungua njia ya kuzitaja sehemu zake: taya tuli, ambayo ni sehemu ya mpini, na taya tembezi. Mwalimu akiwa na majina hayo mawili anaweza kutoa agizo ambalo bila hayo ni gumu kulitoa: izungushe spana kuelekea upande wa taya tembezi, ili nguvu kubwa ibebwe na taya tuli. Agizo hilo huokoa nati na vidole vya mkono.

Mfano wa tatu ni koleo. Kamusi za tafsiri hutupa neno hili kwa zana ndogo ya mkono yenye mikono miwili, ya kubania na kukatia waya. Asili yake ni nzuri, kwani koleo ndilo la mhunzi, la kushikia chuma cha moto. Lakini kwa watu wengi wa Tanzania leo koleo ni lile la kuchotea mchanga na zege. Mtu wa nyumbani anayesoma kwamba awe na koleo kwa ajili ya kukaza waya wa uzio atakwenda dukani na kurudi na chombo cha kuchimbia msingi. Gereji imekwisha kuamua: husema plaizi. Baadhi yetu tutanung'unika kwamba hilo ni neno la kigeni. Ni kweli, lakini spana, jeki na nati pia zilikuwa za kigeni. Neno la asili linapokuwa limeshikwa na kazi nyingine, kulilazimisha ni kuwatesa wasomaji wetu. Koleo libaki kwa mhunzi na mwashi, na plaizi ipokewe.

Bisibisi nayo inatufundisha hatari ya kutaja kwa haraka. Tunayo bisibisi bapa, kwa skrubu yenye mfuo mmoja, na bisibisi nyota, kwa skrubu yenye mfuo wa msalaba, ambayo Mmarekani Henry F. Phillips alipewa hataza zake mwaka 1936. Jina la nyota lilitosha wakati huo. Mwaka 1967 ikatokea huko huko Marekani skrubu yenye nyota ya kweli, ya ncha sita, nayo leo imo katika magari na hata katika vyombo vya nyumbani. Sasa nyota ni ipi? Wako watakaosema tuivue bisibisi ya msalaba jina lake na kumpa mgeni. Mimi sikubaliani nao. Jina lililokwisha kuzoewa na maelfu ya watu halinyang'anywi kwa kuwa jipya limefika. Nyota ibaki ilipo, na mgeni aitwe bisibisi ncha sita. Ile fimbo fupi iliyokunjwa, ambayo mafundi huiita elki, ielezwe kuwa ni ufunguo wa pembesita, maana umbo lake ndilo lile lile wanafunzi wanalolijua katika hesabu.

Nimeliacha la mwisho lililo zito kuliko yote. Jeki ni mkopo uliofanikiwa mno hata ukazaa msemo: kumpiga mtu jeki ni kumsaidia ainuke. Lakini msemo huo umetuficha jambo. Jeki huinua gari. Haikuundwa kulishikilia mtu akiwa chini yake. Kwa kazi ya kushikilia kuna kifaa kingine, cha chuma, chenye miguu mipana, kinachowekwa chini ya gari baada ya kuinuliwa. Kifaa hicho hakina jina lililoenea katika Kiswahili. Matokeo yake nimeyaona katika maelezo yaliyotafsiriwa: vifaa vyote viwili vimeitwa jeki. Kitabu cha asili kinasema, inua kwa hiki, kisha tegemeza kwa kile, ndipo uingie chini. Tafsiri inasema, inua kwa jeki, tegemeza kwa jeki. Msomaji ana jeki moja, ameinua, basi anaona ametimiza yote mawili. Anajilaza mvunguni. Jeki ya mafuta ikivuja, au ya skrubu ikiteleza, hakuna kitu kati yake na gari.

Napendekeza tukiite kifaa hicho mhimili wa gari, kwa wingi mihimili. Neno lipo, linajulikana, na maana yake ndiyo hasa kazi yenyewe: kubeba uzito bila kutikisika. Mwalimu ataweza kufundisha kwa sentensi moja ambayo kijana hataisahau: jeki huinua, mhimili hushikilia. Na kabari, neno la zamani la wapasua kuni, liendelee kufanya kazi yake ya kuzuia gurudumu lisibingirike.

Sidai kwamba mapendekezo haya ni ya mwisho. Kigeugeu na mhimili nayo yapelekwe mvunguni, na yakishindwa huko yatupwe. Ninalolisisitiza ni utaratibu. Kwanza, orodha ya majina ya zana ianzie gerejini, karakanani na kwenye duka la vifaa, ndipo iletwe mezani. Pili, kila jina liambatane na mchoro, kwa kuwa maelezo ya "chombo cha kufungulia" hayatofautishi chochote. Tatu, pale gereji inapokuwa na jina lenye maana lakini lisilo na adabu, tusikimbilie jina lenye adabu lisilo na maana. Tutafute lenye yote mawili.

Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sisi wa kalamu tumezoea kukaa wima vitini. Walimu wa ufundi, watafsiri na watunza ghala wanaosoma kurasa hizi wanaombwa kutuandikia majina yanayotumika mahali pao, hata yale wanayoyaonea haya, pamoja na maelezo ya kazi ya kila zana. Majina hayo yapo tayari midomoni mwa mafundi.